Nilivyouza mafuta ya nazi kwenye baridi ya Njombe

Kwetu Pangani mafuta ya nazi huwa maji karibu mwaka mzima. Nimekua nikimwona mama akiyapika, na sikuwahi kuyaona yameganda hadi nilipohamia Njombe na kuanza kuyauza, chupa za lita moja zenye mdomo mwembamba, zile zile tunazotumia Pwani.

Mwezi wa sita ukaingia na kipupwe chake. Mteja wangu wa kwanza, dada mmoja msusi, alirudi na chupa yake kaigeuza kichwa chini. Hakikudondoka kitu. "Dada, umenichanganyia mafuta ya mgando," akasema, tena mbele ya wateja wengine. Na mafuta yenyewe yalikuwa yamepungua, katikati yamebonyea, kwa hiyo nikaonekana nimempunja pia.

Usiku ule nilikumbuka somo la maada, yabisi na kimiminika na gesi, ambalo shuleni nililikariri tu ili nifaulu. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi za Selsiasi. Pangani mchana ni nadra joto kushuka hapo. Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye kipupwe hata mchana halifiki. Baridi ikizidi, chembe za mafuta ambazo zilikuwa zikiteleza na kupishana hushikana, kila moja ikabaki pake ikitetemeka tu. Ndiyo maana kimiminika hufuata umbo la chupa, na yabisi hukaa na umbo lake hata ukiigeuza chupa. Tena zikishikana hivyo hubanana zaidi, ndipo mafuta yanapobonyea. Maji ndiyo yenye ukaidi: yakiganda hutanuka, na chupa iliyojaa ukiisahau kwenye friza hupasuka.

Kueleza ni jambo moja, kuaminiwa ni jingine. Kesho yake nilimfuata yule dada saluni kwake na kopo la mafuta ya mgando pamoja na chupa yangu. Nikachokoa mafuta ya nazi kwa kijiti, nikamwekea kwenye kiganja cha kulia, na yale ya mgando kiganja cha kushoto. Mwili una nyuzi 37, kiganja pungufu kidogo. Ya kulia yakawa maji hapo hapo, yakachuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono. Ya kushoto yalilainika tu, yakabaki donge. Akacheka. Hakuomba radhi, lakini alichukua chupa mbili.

Baada ya hapo nilibadilisha biashara. Niliacha kupima kwa lita nikanunua mizani, maana kilo haibadiliki mafuta yakiganda wala yakiyeyuka. Kinachobadilika ni ujazo. Nikahamia makopo ya mdomo mpana ili mtu achote kwa kijiko. Anayetaka maji namwambia aweke kopo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, asilibandike jikoni.

Hali ya tatu, gesi, niliielewa nilipoanza kupika mafuta mwenyewe. Tui likichemka, sufuria hulia na kububujika kwa sababu maji yaliyomo yanageuka mvuke na kuondoka. Muda wote huo joto halipandi sana, maji yanalimeza. Kelele zikikatika ujue maji yamekwisha. Hapo uepue upesi, kwani mafuta hayana tena cha kuyazuia na mashapo huungua ndani ya dakika chache. Nimeunguza sufuria mbili kujifunza kusikiliza.

Zile chupa za mdomo mwembamba zilizobaki nilimpa jirani anayeuza asali. Juzi kaja kugonga mlango, kashika moja ameigeuza kichwa chini, anaulizia ninakonunua makopo.