Wenye Msiba Waambiwe Kwanza

Maria Elena Holly alijua kwamba amekuwa mjane kwa kutazama televisheni. Ilikuwa Jumanne, tarehe 3 Februari 1959. Yeye alikuwa New York, mjamzito, na ndoa yake na mwanamuziki Buddy Holly ilikuwa haijatimiza hata miezi sita. Mama mkwe wake, kule Lubbock, Texas, alizipata habari redioni. Akapiga ukelele, akaanguka. Muda si mrefu mimba ya Maria Elena ikaharibika.

Mimi naishi Des Moines, hapa Iowa, na ndege iliyomuua Holly ilianguka katika jimbo hili hili, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kwenda kaskazini. Wazee ninaowahudumia kazini huisimulia ajali hiyo kana kwamba ilitokea juzi. Wao husimulia muziki na ujana wao. Mimi huwafikiria wale wanawake wawili, mmoja kwenye televisheni na mwingine kwenye redio, wakiambiwa na mtangazaji asiyewajua.

Kilichowapandisha ndege Holly na wanamuziki wenzake ni baridi. Ziara yao, Winter Dance Party, ilianza Milwaukee tarehe 23 Januari, na aliyepanga ratiba ni kama hakuitazama ramani: leo mashariki, kesho magharibi, keshokutwa mnarudi karibu na mlikotoka, mamia ya kilomita kila usiku. Mabasi waliyopewa yalikuwa mabovu na hita zake hazifanyi kazi. Mpiga ngoma, Carl Bunch, aliumizwa miguu na baridi akiwa ndani ya basi, hadi akalazwa hospitali huko Michigan. Anayesoma akiwa Tanga au Mombasa atadhani natia chumvi. Januari ya huku ukitoka nje unasikia hata vinyweleo vya pua vinaganda, na basi likizimika njiani usiku hilo si suala la kuchelewa tu, ni suala la uhai.

Basi walipofika Clear Lake, hapa Iowa, tarehe 2 Februari kupiga muziki katika ukumbi wa Surf Ballroom, Holly, kijana wa miaka 22, akaamua kukodi ndege ndogo aina ya Beechcraft Bonanza iwapeleke hadi Fargo, karibu na Moorhead walikotakiwa kupiga siku iliyofuata. Nauli ilikuwa dola 36 kwa kila mmoja. Alitaka apate usingizi kitandani na nafasi ya kufua nguo. Nimefanya kazi za zamu mbili mfululizo katika majira haya ya baridi, na hamu hiyo ya nguo safi na kitanda chenye joto naielewa kabisa.

Nafasi za abiria zilikuwa tatu. Waylon Jennings, mpiga besi wa Holly, alimwachia yake mwimbaji mwenzao J. P. Richardson, aliyejulikana kama The Big Bopper, kwa kuwa Richardson alikuwa na mafua makali. Mwimbaji Ritchie Valens na mpiga gitaa Tommy Allsup walirusha sarafu kugombea nafasi ya mwisho, Valens akashinda. Alikuwa na miaka 17. Jina lake la nyumbani ni Valenzuela, wazazi wake wa asili ya Mexico, na alikuwa ameuchukua wimbo wa jadi wa Veracruz, La Bamba, akauimba kwa Kihispania mbele ya vijana wa Marekani wasioelewa hata neno moja, nao wakacheza. Mtoto wa wahamiaji kufanya hivyo mwaka 1958, bila kuibadili lugha ili akubalike! Huyu ndiye ninayemlilia zaidi. Na alikuwa mwoga wa ndege, maana mwaka 1957 ndege mbili ziligongana angani na mabaki yakaangukia shule yake, siku ambayo yeye alikuwa kwenye mazishi ya babu yake.

Ndege iliruka kama saa saba kasoro dakika tano usiku, ikaanguka baada ya dakika chache, hata kilomita kumi kutoka uwanjani haikufika; abiria wote watatu na rubani wakafa. Rubani, Roger Peterson, alikuwa na miaka 21, naye hajamaliza mwaka tangu aoe. Wachunguzi walisema hakuwa na sifa ya kurusha ndege kwa kutegemea vyombo pekee, na usiku ule nje hakukuwa na cha kuona. Lakini walisema pia kwamba taarifa ya hali ya hewa aliyopewa ilikuwa na mapungufu makubwa. Maonyo mawili hayakumfikia. Kijana yule hutajwa mwisho, au hatajwi kabisa. Mnara wake wa kumbukumbu ulikuja kuwekwa mwaka 2009.

Mabaki yalionekana asubuhi, mwenye kampuni ya ndege alipopita juu akitafuta. Pochi ya Allsup ilikuwa kwa Holly, kwa hiyo kwa muda ilidhaniwa kwamba hata Allsup amekufa. Huku majina yakianza kuruka hewani, wenzao walikuwa wanafika Moorhead kwa basi, na jioni ile walipanda jukwaani.

Baada ya yaliyompata Maria Elena, inasemekana ukawekwa utaratibu wa kutotaja majina ya waliokufa hadi familia ziarifiwe. Sisi tulio ughaibuni tunauhitaji utaratibu huo kuliko mtu yeyote. Baba yangu mdogo alipofariki, mimi nilikuwa zamuni. Simu ikatetema, ujumbe kutoka kwa mtu niliyesoma naye sekondari: "Poleni sana ndugu yangu." Nikamjibu, "Pole ya nini?" Akakaa kimya. Nikafungua kundi la ukoo, nikakuta picha ya marehemu na mshumaa, na watu zaidi ya thelathini wameshaandika rambirambi. Nilikuwa nimeshika sahani ya uji wa mzee wa watu, nikamlisha hadi akamaliza, maana hakuwepo wa kunipokea.

Nyumbani mtu haambiwi hivyo. Hutumwa mtu mzima, unaketishwa, unaulizwa umekula, na jirani yuko mlangoni tayari kukushika. Umbali umetunyang'anya mengi, lakini hili tunaweza kulirudisha. Jumuiya yetu hapa Des Moines imeanza daftari: kila mmoja anatoa majina ya watu wawili wa mji huu huu, na familia yake kule nyumbani inapewa namba zao. Likitokea la kutokea, hao ndio wanaopigiwa kwanza, wanakufuata kazini au nyumbani, ndipo kundi linaarifiwa. Mliopo Iowa ambao hamjajiandikisha, mtafuteni katibu kabla ya kikao cha mwisho wa mwezi, na mhakikishe mama zenu wana hizo namba kwenye karatasi.