Zilipauka, lakini mbichi

Juni mwaka jana nilinunua kuni za mikaratusi, kirikuu nzima, kwa kijana anayetuletea huku Igombe, Mwanza. "Mayu, hizi kavu kabisa, si unaona zilivyopauka?" Niliona. Hata ncha zilikuwa na nyufa. Nikalipa, jioni nikapanga sangara kwenye chanja, nikawasha.

Zikaanza kulia. Sss, sss, kama jirani anakaanga dagaa. Nilipoinama nikaona povu jeupe linachemka kwenye ncha, maji yanachuruzika juu ya gome. Moto wote unaishia kuchemsha maji ya mti, samaki wanabaki na moshi. Nikapuliza mpaka macho yakavimba. Asubuhi sangara walikuwa weusi tii, wachungu, na kwenye mfupa bado wabichi. Mteja wangu wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, alionja kipande kimoja akanisogezea ndoo yangu. Hakusema kitu.

Nilidanganywa na ncha. Ncha hukauka kwanza, zikapasuka, huku katikati maji yamejaa. Sasa mzigo ukishushwa nachomoa gogo la chini, sio la juu, nalipasua kwa shoka na kuweka upande wa ndani shavuni. Likiwa na ubaridi, bado. Nagonganisha vipande viwili pia: kavu zinasema ko! ko!, mbichi zinasema du.

Ila ninachokiamini kuliko vyote ni mzani wangu wa samaki. Zile kuni nilizipasua zote, tatu nikazitia alama ya mkaa, nikawa nazipima kila Jumapili. (Watoto walidhani nimechanganyikiwa.) Moja ilianza na kilo 4.1. Mwisho wa Julai ilikuwa 3.0. Katikati ya Agosti ikafika 2.6, na Jumapili tatu mfululizo ikabaki hapo hapo. Ndipo nikaiwasha, na haikulia.

Nazipanga juu ya mawe, bati kwa juu, pembeni wazi upepo wa ziwa upite. Shemeji yangu alizifunga za kwake kwenye turubai gubigubi akiogopa mvua za vuli. Alivuna uyoga.

Kijana wa kuni bado ananiletea, tena nanunua mbichi makusudi, kwa bei ya mbichi. Wiki iliyopita hata shoka sijalishika akaniwahi: "Mayu, za leo usiweke shavu. Nimekata juzi."