Dola 45, barafu na kunazi

Risiti ninayo mpaka leo kwenye pochi. Watu wawili, bakuli moja la barafu, mkate mmoja, vikombe viwili vya chai: dola 45. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye makao ya wazee, nimegeuza na kuogesha watu tangu saa tano, na hela ile ni karibu saa tatu za kazi hiyo. Kwa hela hiyo mama yangu pale Tanga angepika futari ya siku ngapi? Hesabuni wenyewe.

Shoga yangu wa Mombasa ndiye aliyenivuta mpaka mkahawa wa Kikorea. Tuko Virginia, Marekani, na pale mji wa Annandale, barabara ya Little River Turnpike, mabango ya Kikorea yamefuatana: saluni, daktari wa meno, nyama choma, mikate. Tukaagiza bingsu. Ni maziwa yaliyogandishwa, yakakwanguliwa mpaka yakawa laini kama unga, juu yake maharage madogo mekundu yaliyopikwa kwa sukari, vipande vya keki ya mchele inayonata na unga wa soya iliyokaangwa. Maharage yale ni jamaa ya choroko. Kijiko cha kwanza nilikunja uso, maana choroko mimi nazijua kwa nazi na chumvi. Cha tatu nikaacha kubishana.

Kilichoniudhi ni ile tableti ya kaunta. Binti kanigeuzia: asilimia 18, 20, 25. Chai hujaionja, bakshishi unaombwa, na foleni nyuma yako inakutazama. Kwao Korea hakuna desturi hiyo, hii ni ya Marekani. Wadogo zangu mnaoniandikia "dada, nitafutie njia", shikeni hili: bei ya ubaoni siyo utakayolipa. Ongeza kodi, ongeza bakshishi, halafu gawanya kwa saa ulizosimama. Mshahara wa dola ni mkubwa ukiuhesabu kwa shilingi, lakini huku utautumia kwa dola.

Chai niliyochagua inaitwa daechu-cha. Niliitaka kwa sababu ni ya moto na koo lilikuwa linaniwasha. Ikaja nzito, ya kahawia, vipande vya tunda jekundu vinaelea. Nikanywa funda moja, nikamtazama mwenzangu.

"Shoga, hii si kunazi hii?"

Akaonja. "Wallahi kunazi!"

Siyo ile ile yetu, ni ndugu yake, kubwa zaidi, na wao huikausha kisha wakaichemsha muda mrefu. Lakini mimi nimekulia chini ya mkunazi, tukiupopoa kwa mawe, miiba ikituchana mikono. Miaka saba sijaionja ladha ile. Machozi yalinitoka.

Mama mwenye mkahawa, mtu mzima wa makamo ya mama yangu, akaja kuuliza kama kuna tatizo. Kiingereza chake na changu vikasaidiana. Nikamwonyesha tunda, nikamwambia kwetu lipo. Akaingia jikoni, akarudi na kikombe cha karatasi kimejaa kunazi zilizokauka, na kipande cha tangawizi juu yake. Nikatoa pesa, akausukuma mkono wangu. Akanionyesha kwa ishara: chemsha pamoja, kikohozi kitapoa.

Njiani nikashikwa na wivu. Wakorea walianza kuja kwa wingi baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965, walitutangulia, sawa. Lakini mtoto wao aliyezaliwa hapa anaikuta chai ya bibi yake ina bango na meza. Sisi mahamri tunaagiza kwa WhatsApp kutoka jikoni kwa mtu, tunayapokea mlangoni, tunayala peke yetu ndani ya gari kabla ya zamu. Mahamri ya iliki na mbaazi za nazi, vitumbua, kashata, ni kipi hapo mtu asingelipia? Msiba ukitokea tunachanga maelfu kwa usiku mmoja. Kundi la kuchangia mkahawa bado sijaingizwa, na hilo linaniuma kuliko zile dola 45.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Jumamosi ijayo sote wawili hatuna zamu. Shoga ameshanunua iliki na tui. Mimi nakanda unga, yeye anakaanga, na mahamri ya kwanza kutoka karaini tunampelekea yule mama yakiwa ya moto.