Mkoani ni mji, si mkoa: nilivyoyasaka madiko ya Pemba

Andika "Mkoani" kwenye Google uone. Unaletewa mkoani Mwanza, mkoani Mbeya, mkoani Kigoma, ajali hii na ziara ile, ila mji wenyewe wa Mkoani, bandari ya kusini mwa Pemba, huuoni. Mimi ni mtoto wa hapo, kwa hiyo iliniuma mara mbili.

Nilikuwa nafanya utafiti wa shahada ya uzamili. Kazi nilikwishaipigia hesabu kuwa nyepesi: niyatafute mtandaoni majina ya madiko ya Pemba, yaani pale wavuvi wanapopandisha vyombo na kuuza samaki, kisha niyaweke kwenye ramani ya kompyuta. Miezi miwili, basi. Miezi miwili ikaisha nina madiko manne.

Taabu ni kwamba majina yetu mengi ni maneno ya kila siku. Ukitafuta wilaya ya Kati, kule Unguja, unaletewa "kati ya Simba na Yanga". Hata Pemba ina wenziwe: upo mji wa Pemba kule Msumbiji, makao makuu ya Cabo Delgado, na wiki nzima nilipanga safari zangu kwa utabiri wa hali ya hewa wa huko bila kujua. Nikasema nijaribu jina la Kiarabu la kisiwa, Al-Jazira al-Khadra. Nikaangukia Algeciras, Hispania, mji ambao jina lake limetoka kwenye maneno hayo hayo.

Kuweka alama ya kutoa mbele ya neno nisilolitaka hakukunifaa. Ukimtoa Mwanza anaingia Tabora. Kilichosaidia ni kulitafuta jina pamoja na majirani zake: "Mkoani", "Kengeja" na "Wambaa" kwa pamoja, kila moja ndani ya alama za nukuu. Habari ya Mwanza haina sababu ya kuitaja Wambaa. Na kwa maandishi ya wakati wa Waingereza ilibidi niandike kama walivyoandika wao, "Weti" na "Chaki Chaki". Hapo zikaanza kutoka taarifa ambazo "Wete" na "Chake Chake" hazikuwahi kunipa.

Lakini kilichonivusha hasa ni kuigeuza kazi juu chini. Badala ya kutoka na jina kwenda kutafuta mahali, nikachora sanduku kuizunguka Pemba nzima, latitudo -5.55 hadi -4.80, longitudo 39.55 hadi 39.95, nikaiuliza OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea: kila chenye jina humu ndani, nipe. Sanduku halijui kama Mkoani ni neno la kawaida. Ikaja orodha ndefu ya skuli, misikiti na hoteli. Madiko yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Anapolala mgeni ramani inapajua, anaposhukia samaki haina habari.

Yaliyobaki niliyatafuta kwa macho. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi ilikuwa ikivirushia droni visiwa vyetu katika mradi wa Zanzibar Mapping Initiative, na picha zikawekwa wazi kwa umma. Nukta moja ya picha ni kama sentimita 7 ardhini, kwa hiyo ngalawa unaiona mpaka mirengu yake. Nilikaa usiku na bando langu nikifuata ufukwe taratibu kama mtu anayeokota pweza. Penye vyombo vingi vimelala mchangani, natia alama.

Makosa nayo yalikuwapo, tena ya kitoto. Kodineti za GPS nilikuwa nikiziandika daftarini. Siku ya kwanza kuziingiza kwenye QGIS, programu ya kuchorea ramani, nikasahau alama ya kutoa kwenye latitudo, ile inayosema tuko kusini mwa ikweta: Chake Chake ikahamia kusini mwa Ethiopia. Siku ya pili alama nikaiweka, ila nikabadilisha nafasi za latitudo na longitudo. Chake Chake ikatua Hispania, bara kabisa, mbali na bahari. Naona nchi ile inatutaka.

Kosa la tatu ndilo lililonisumbua. Alama nilizonakili kutoka ramani ya zamani ya karatasi zilikataa kukaa pwani. Za pwani hii zimeingia baharini, za pwani ile zimepanda kwenye mikarafuu. Nikadhani mkono wangu ndio mbovu, hadi nilipoona kuwa zote zimesogea upande mmoja, kwa umbali ule ule, karibu mita 300. Mkono haukosei kwa nidhamu namna hiyo. Nikasoma maandishi madogo pembeni mwa ramani: Arc 1960. Huo ni mfumo wa vipimo wa zamani, na GPS inatumia mfumo mwingine, WGS 84; kodineti zile zile kwenye mifumo hiyo miwili haziangukii mahali pamoja. Nikaiambia programu ibadilishe, alama zikarudi mchangani zenyewe.

Mwisho nikaenda kuthibitisha kwa miguu. Kwa sheha kwanza, kiongozi wa serikali wa mtaa, kuomba ruhusa, kisha kwa wazee. Diko moja, nikamwonyesha mzee aliyekuwa anashona nyavu picha ya droni kwenye simu.

"Shikamoo, babu. Hapa ndipo diko lenu?"

"Marahaba, mjukuu wangu." Akaisogeza simu mbali na macho. "Hapo ni pa kaskazi. Kusi likishika tunapanda kule, nyuma ya mikoko."

Kumbe diko huhama na pepo, kaskazi na kusi. Kwenye jedwali langu lilikuwa moja, na nukta moja. Tukaenda naye mpaka nyuma ya mikoko, maji yametoka, nikapima.

"Na hili linaitwaje, babu?"

Akafikiri kidogo. "Hili? Sisi twasema kule tu."

Nikaandika "Kule" kwenye safu ya jina, nikaangalia mara mbili kama alama ya kutoa ipo.