Kapasita Niliyoing'oa

Tangu mwezi wa tatu mgongo wa amplifaya yangu umekaa wazi. Ubao wake wa mninga umeegemea ukutani nyuma ya mlango, na skrubu zake nne zimo kwenye kikombe cha plastiki pale dirishani. Kila nikisema leo naufunga, naona bado kuna kitu cha kugusa.

Niliianza kwa ajili ya mjomba. Yeye anakaa Mikindani, na ujanani alipiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi. Amplifaya ya bendi yao ilikuwa ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, na hizi za siku hizi anasema zinapiga kelele lakini haziimbi. Kwetu Wamakonde mjomba ni mzazi. Akitamani kitu, mpwa hajifanyi hakusikia.

Mchoro niliofuata ni wa Champ ya Fender, ile ya Marekani ya miaka ya 1950 inayoitwa 5F1. Ni saketi ndogo ya valvu tatu. 12AX7 inapokea sauti changa ya gitaa na kuikuza, 6V6 inasukuma spika, na 5Y3 inageuza umeme wa AC kuwa DC. Nguvu yake ni wati 5 hivi. Ukitaja wati 5 mbele ya watu wa muziki wa harusini watakushangaa, ila kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi zinatosha kabisa kumwamsha jirani.

Valvu na transfoma ya spika niliagiza. Transfoma ya umeme nilisukiwa na fundi wa mota pale Chikongola, na kazi yake ni safi. Hesabu niliyompa ndiyo ilikuwa na kasoro: nilimwambia 220, na ukutani kwangu mita inasoma 240. Matokeo yake nyuzi za moto ndani ya valvu, zinazotakiwa kupata volti 6.3, zikawa zinapata karibu 6.9. Valvu inawaka, inapiga, lakini maisha yake unayapunguza. Dawa yake ilikuwa rezista, vifaa vinavyozuia umeme kidogo, mbili za omu 0.33, moja kwenye kila waya wa moto. 12AX7 na 6V6 kwa pamoja zinakula ampea 0.75, kwa hiyo nusu volti inabaki kwenye rezista na valvu inapata haki yake. Niliwasha taa ya simu nikaitazama 6V6 kabla na baada. Rangi yake ilitoka kwenye chungwa kali ikawa kama kaa la moto linaloelekea kulala.

Muungurumo ulinichukua wiki mbili, sitaurefusha. Nilisokota waya za moto ziwe kama kamba, nikaunga rezista mbili za omu 100 kwenda ethi, nikakusanya ethi zote za hatua ya kwanza mahali pamoja. Ukatulia.

Ilibaki sauti yenyewe, na hapo ndipo miezi ilipokwenda.

Kwanza niliweka kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda, ya maikrofaradi 25 kwenye katodi ya 12AX7, mguu ule unaotoa elektroni, sambamba na rezista ya omu 1,500. Nguvu ikaongezeka papo hapo, nikafurahi sana. Nikakata na rezista inayorudisha sehemu ya sauti kutoka kwenye spika hadi ndani. Ukiikata, amplifaya inakuwa na hasira, inakwaruza mapema. Nikapiga usiku kucha nikijiona nimefika.

Kesho yake nikachomoa valvu, nikazifunga moja moja ndani ya soksi, nikapakia amplifaya kwenye bajaji mpaka Mikindani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja na mgeni?"

Alikaa kwenye kigoda, akapiga kile kimchezo chake cha nyuzi tatu za juu, vidole vikikimbizana. Akasimama katikati. "Noti zinakanyagana," akasema. "Solo la dansi ni kama kusuka ukili. Kila mshono uonekane."

Alikuwa na haki. Kwenye dansi kuna solo, kuna rithim, kuna besi, na kila mmoja ana njia yake. Amplifaya inayokwaruza inaziba njia za wenzake. Nikairudisha ile rezista, na sijaigusa tena tangu siku hiyo.

Lakini akaongeza jambo lililonisumbua. Alisema gitaa linaongea kama mtu aliyejifunika blanketi. Mimi nilisikia sauti kali ya kutosha. Nikaweka kapasita ndogo ya pikofaradi 120 kwenye potensiometa ya sauti, yaani rezista inayozungushwa na nobu, kapasita inayoachia sauti nyembamba zipite hata ukipunguza. Mke wangu akatoka chumbani. Kwangu sauti ilikuwa sindano. Nikaipeleka Mikindani. Mjomba akasema blanketi bado lipo.

Jumapili iliyopita ndipo nilipoelewa. Kwenye simu nina programu ya kutoa mlio wa kiwango unachotaka. Tulikaa barazani, upepo wa kusi unapiga minazi, nikaanza na herzi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde. "Nasikia." 1,000, anasikia. 3,000, akainamisha kichwa kidogo, anasikia. Nikapandisha hadi 6,000. Mjomba alikuwa ananitazama usoni kwa utulivu, anasubiri. Mlio ulikuwa unanichoma mimi masikioni.

"Washa basi," akasema.

Sikujua nimjibu nini. Nilizima, nikamwambia tumemaliza.

Masikio ya mtu yanapozeeka huanza kupoteza sauti nyembamba za juu, na mjomba alisimama miaka mingi pembeni ya ngoma za bendi. Niliyajua hayo, lakini sikuwahi kuyaunganisha na ile saketi iliyo mezani kwangu. Miezi yote ile nilikuwa namwongezea kitu ambacho hakiwezi kumfikia tena, huku kile anachokisikia vizuri nikikifunika kwa besi nzito. Ile maikrofaradi 25 ndiyo ilikuwa blanketi. Uzi wa sita wa gitaa ukiwa wazi unalia herzi 82, wa tano 110. Sauti hizo zilijaa kwenye spika ya inchi 8 mpaka katikati pakakosa nafasi, na katikati ndipo masikio ya mjomba bado yana nguvu.

Usiku ule nilisubiri kapasita kubwa ziishiwe umeme. Zinaweza kubaki na volti 300 hata baada ya kuzima, na mimi huzipima kila mara, mkono mmoja ukiwa mfukoni. Nikaing'oa ile ndogo ya pikofaradi 120. Nikaichomoa na ya 25, mahali pake nikachomelea ya maikrofaradi 0.68, ambayo haikuzi besi sana. Ni vitu viwili vya kushikwa na kucha, kazi ya dakika ishirini, nusu yake kungoja chuma cha risasi kipate moto.

Leo nimerudi Mikindani. Sikumwambia nimefanya nini. Nilimpa gitaa, nikakaa ngazini nikamwachia nobu mwenyewe, ile ya mpingo aliyonichongea rafiki yangu. Aliizungusha hadi kwenye sita, akapiga kimchezo chake. Akakirudia polepole. Kisha akashuka kwenye nyuzi za chini, akapanda tena, na safari hii kila noti ilisimama peke yake, ina mwili, haina makali. Mpita njia mmoja alisimama kwenye ukuta wa makuti, hakusema kitu, akaendelea na safari yake.

Alipiga kama nusu saa. Halafu akaigeuza amplifaya, akaona valvu zinawaka nyuma na waya zote nje.

"Mpwa wangu, umeacha mlango wazi."

"Nilikuwa bado natengeneza, mjomba."

"Funga sasa, isiingie chumvi ya bahari."

Ubao niliuacha nyumbani. Nimefika saa mbili usiku, nimekitoa kikombe dirishani, skrubu tatu ziko vizuri na moja imeshika kutu. Nimeifuta kwa mafuta ya taa. Kesho alfajiri naupeleka.