Nilivyoziimbisha selfi za akina mama wa kikoba chetu

Mtu wa kwanza niliyemwuliza namna ya kuifanya selfi iimbe aliniambia ninunue simu mpya. Wa pili, kijana wa steshenari pale Majengo, akasema nisipolipia kifurushi cha mwaka mzima nitahangaika bure. Wote wawili hawajawahi kuimbisha picha hata ya paka. Video iliyowainua watu vitini ukumbini niliitengeneza kwa simu hii hii yenye kioo kilichopasuka pembeni, na hela iliyonitoka haifiki hata ya kitenge cha maana.

Binti wa mwenyekiti wetu alikuwa anaagwa, nasi tukataka tumwimbie kwenye sendofu. Kukutana ndiko kukashindikana. Mmoja yuko Kibaigwa na mahindi yake, mmoja kahamia Singida kwa mwanawe, wengine wanafanya kazi Mtumba na kurudi kwao ni usiku. Nikasema basi, kila mtu anitumie selfi, nitaziimbisha kwa hizi programu za akili mnemba. Mweka hazina akauliza kama hiyo ni halali au ni mambo ya gizani. Nikamwambia, mama, tuma picha.

Programu zenyewe ziko za namna mbili. Kuna za namna ya Wombo, ile ya Wakanada iliyovuma mwaka 2021: unatoa selfi, unachagua wimbo kwenye orodha yao, na uso wako unachezeshwa kwa mwendo wa mtu aliyerekodiwa zamani. Zinachekesha, lakini wimbo wako mwenyewe hauna pa kuingilia. Nyingine zinapokea picha na sauti unayoleta wewe, zinasikiliza matamshi, kisha zinapanga mdomo ufuate. Hizo ndizo. Na usiogope habari ya lugha. Ikisikia "a" inafumbua, ikisikia "m" inafumba, basi. Sisi tuliimba Kigogo na haikutuuliza kabila.

Selfi zilizokuja sasa! Moja ina masikio ya sungura na nyota mashavuni, moja imepigwa jua likiwa mgongoni, uso mweusi tii. Mweka hazina alicheka meno yote nje, na alipoanza kuimba akawa na safu mbili: yale yake yamesimama palepale, na mengine yanafunguka na kufunga kwa nyuma. Watoto wangu walikimbia sebuleni. Nikawaandikia wote: hakuna urembo wa simu, vueni miwani, fumbeni mdomo, simameni ndani mlangoni mkitazama nje. Jua letu la Dodoma ukilisogelea linakuharibia. Kivuli cha mlango kinatosha kabisa. Na picha itumwe kama dokumenti, kwa sababu WhatsApp ikiituma kama picha inaibana mpaka ngozi inakuwa kama plastiki.

Lakini mdomo uliofumbwa una kesi yake. Programu haijui ndani kuna nini, kwa hiyo inakutungia meno. Kuna mama mmoja ana mwanya ambao ndio jina lake mtaani, na video ikatoka na meno yamebanana kama ya tangazo la dawa ya mswaki. Simu ikaita saa hiyo hiyo: "Dada, mwanya wangu umeupeleka wapi?" Nikamwomba picha nyingine, midomo imeachana kidogo tu, mwanya uonekane. Ukarudi. Akifumbua sana bado unajificha, ila kwa mbali huwezi kujua.

Shida kubwa ilikuwa sauti. Tulikuwa na rekodi nzuri ya siku tuliyokuwa Chamwino: ngoma za muheme, vigelegele, na sauti zetu zinapishana kama Wagogo wanavyopenda. Nikaiingiza nzima. Kila ngoma ikilia, midomo inafunguka. Mwenyekiti akawa kama anabweka. Kijana wa steshenari akanishauri niandike maneno, programu isome yenyewe. Ikasoma Kigogo kwa lafudhi ambayo hata Wakaguru wasingeitambua. Nikajaribu programu ya kutenganisha sauti na ala. Ngoma zikaondoka vizuri, ila waimbaji walibaki wote pamoja, kwa hiyo kiongozi akimaliza mstari, mdomo wake unaendelea na kiitikio cha wenzake bila kupumua.

Hapo ndipo akili ikanijia, na hii sijaisikia kwa mtu. Nilivaa hedifoni, nikajifunika blanketi ili kelele za bodaboda zisiingie, nikaicheza rekodi ya Chamwino masikioni na mimi nikaimba juu yake peke yangu, mstari kwa mstari: ya kiongozi kivyake, ya waitikiaji kivyake. Sauti yangu mnielewe. Kwaya walinipa kazi ya kutunza daftari la mahudhurio. Lakini programu haijali uzuri, inataka kujua neno gani linatamkwa na muda gani. Ngoma ya kwanza ilipolia, nilitamka "pa!" kwa nguvu. Nilipofika CapCut, programu ya kuunganisha video, nikaiona hiyo "pa" imesimama kama mlingoti kwenye mchoro wa sauti, nikaisogeza mpaka ikalingana na mlingoti wa ngoma kwenye rekodi ya Chamwino, kisha nikaizima sauti yangu na kukata ule mwanzo. Midomo yangu mimi, nyuso zao, muheme wa kweli. Niliiangalia peke yangu jikoni nikapiga kigelegele.

Rekodi ifanye kwa kinasa sauti cha simu. Ile ya WhatsApp inakuja kwa aina ya faili ambayo programu nyingi zinaikataa. Na za bure zinakupa vipande vifupi, ambavyo kwangu vilikuwa neema: kila mama mstari wake.

Hela? Bando, na malipo ya mwezi mmoja ili nembo yao iondoke kwenye video, kama elfu kumi na tano au ishirini, kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Siku hiyo hiyo nikaingia Play Store nikasitisha usajili. Wengi wanafuta programu wakidhani wamemaliza, kumbe kadi inaendelea kukatwa.

Mama mmoja alikataa uso wake kutumika. Nikamwacha, sauti yake ilikuwemo kwenye rekodi na ilitosha. Shemeji yangu yeye alitaka nimwimbishe mchungaji amapiano. Nikamkatalia hapo hapo: mchungaji hajaombwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haijaandikwa kwa ajili ya mabenki peke yake.

Ukumbini, bibi wa bi harusi alimgeukia yule wa Singida, aliyefika kwa basi saa moja iliyopita, akamwuliza mbona hakumwambia kuwa alikuja kurekodi akapita bila kumsalimia. Wakabishana mpaka chakula kikaletwa. Yule aliyekataa kutoa uso, kesho yake alinitumia selfi tatu. Zote zina masikio ya sungura.