Kaseti za mama na mkanda unaokimbia

Juma la kwanza

Sanduku limefunguliwa. Kaseti 23, nyingi hazina majalada, mbili zimeota kuvu. Unyevu wa Tanga hauna huruma na mkanda. Kazi niliyojitwisha ni kuziingiza zote kwenye kompyuta kabla hazijagandamana, na kila hatua nitaiandika hapa, kwa sababu najijua: baada ya miezi miwili sitakumbuka waya gani ulichomekwa wapi.

Vifaa ni vichache. Redio kaseti ya nyumbani, ile ile iliyokaa juu ya kabati tangu sijaanza shule. Waya kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye kompyuta. Programu ya Audacity, ya kurekodi na kuchunguza sauti, ambayo ni ya bure. Spiriti na pamba za kusafishia kichwa kinachosoma mkanda, na kalamu ya Bic ya kuzungushia mkanda uliolegea.

Nimeanza na kaseti ninayoiogopa kuliko zote, iliyoandikwa kwa mkono wa mama: "Harusi ya wifi 1987". Wifi huyo ndiye shangazi yangu. Ni taarab ya vyombo vichache kama tulivyoizoea huku: gitaa, besi, akodioni, dumbaki, mwimbaji mmoja na waitikiaji. Kundi la mtaani tu. Aliyerekodi aliweka redio yake ya betri mezani karibu na spika, akabonyeza vitufe viwili, akaenda zake kula. Ndiyo maana zinasikika sahani, watoto, na mtu anayekohoa karibu kila ubeti.

Upande A umeingia wote na umetoka safi. Nikalala nikijua kazi ni nyepesi.

Juma la pili

Si nyepesi. Rafiki yangu anayepiga kinanda alipita jioni, nikamwekea, akajaribu kufuatisha. Baada ya dakika mbili akaacha.

"Huyu wa akodioni anapiga vitufe vyeusi karibu vyote. Nani anajitesa hivyo harusini?"

Nilicheka, lakini neno lile halikunitoka. Nikarudi kuangalia faili. Kaseti ni ya dakika 60, yaani 30 kila upande, na upande A ulikuwa umekwisha kwa dakika 28 na kitu. Dakika karibu mbili zimekwenda wapi?

Kampuni ya Philips ilipoitoa kaseti mwaka 1963, kasi ya mkanda ilipangwa iwe sentimita 4.76 kwa sekunde, na mashine karibu zote duniani zikafuata. Mota ikikimbia zaidi ya hapo, mambo mawili hutokea kwa pamoja na huwezi kuyatenganisha: muda unafupika na sauti zote zinapanda. Kasi ikizidi kwa asilimia 6 hivi, kila noti inapanda nusu toni, yaani kitufe kimoja cha kinanda, na mtu aliyepiga vitufe vyeupe anasikika kama aliyepiga vyeusi. Kwa kweli sikuwahi kufikiri kwamba noti na muda ni kitu kimoja kinachoangaliwa kwa umbali tofauti. Kamba ya gitaa inayotetemeka mara 100 kwa sekunde tunaiita sauti. Dumbaki inayopigwa mara 100 kwa dakika tunaiita mdundo. Ukiipunguza ile ya kwanza mara sitini, unaihesabu kwa kidole.

Sasa, nani mkosaji? Redio iliyorekodi mwaka 1987 au hii yetu inayosoma leo?

Juma la pili, Ijumaa usiku

Hapa nimejifunza ujanja ambao nauandika kwa herufi kubwa kichwani. Umeme wetu hutetema mara 50 kwa sekunde, na kikuza sauti cha bei rahisi huacha mvumo mdogo wa umeme huo ndani ya spika, pamoja na ndugu zake: 100, 150, na kuendelea. Aliyerekodi karibu na spika amerekodi na mvumo. Kwa hiyo mkanda wenyewe una saa ndani yake. Ukiupima mvumo unajua mkanda unakimbia kiasi gani.

Namna ya kufanya: tafuta kimya kati ya nyimbo, angalau sekunde moja na nusu, kichague, kisha iambie Audacity ichore ramani ya mitetemo kwa dirisha la 65,536, yaani idadi ya vipimo vya sauti inavyochambua kwa pamoja. Ngazi moja ya ramani hiyo ni karibu theluthi mbili za mtetemo kwa sekunde. Kwenye 50 hilo ni kosa la zaidi ya asilimia moja, kubwa mno, kwa hiyo mimi natazama kwenye 150, ambako ngazi ile ile ni chini ya nusu asilimia.

Mara ya kwanza nilikuta vilele viwili, kimoja 150 na kingine 159. Nilikaa nikivitazama kama mjinga. Kumbe redio nimeichomeka ukutani, nayo ina mvumo wake. Nikaitia betri sita kubwa, nikachomoa na chaja ya kompyuta. Kile cha 150 kikafutika. Kilichobaki ni cha kaseti: 159. Asilimia 6 juu.

Jumamosi nikaazima deki ya jirani, mashine ya kuchezea kaseti, nikaweka kaseti ile ile. Ikasoma 150 na kidogo. Kesi imekwisha: mkosaji ni redio yetu, na imekuwa ikikimbia miaka yote niliyoisikiliza.

Juma la tatu

Nimefungua redio. Nyuma ya mota ya kaseti kuna kitundu, na ndani yake skrubu ndogo ya kurekebisha kasi. Skrubu ina mikwaruzo. Nikamuuliza mama nani aliigusa.

"Baba yako. Mpira wa kuzungusha mkanda ulikatika, akatia mwingine wa kwake alioujua yeye, ikawa inavuta kama mgonjwa. Akachukua bisibisi, akakaa pale anakaza huku anasikiliza, mpaka akasema haya, ndiyo hii."

Kwa hiyo baba hakupima kwa kitu chochote. Alikaza mpaka wimbo ulipokaa anavyoukumbuka, au anavyoutaka. Sijaigusa skrubu. Nimetumia deki ya jirani na nikaanza upya.

Kuna wimbo mmoja mrefu unaoanza mwisho wa upande A na kumalizikia B. Kwenye redio ya baba, vipande viwili vikiunganishwa, ni dakika 13 na sekunde 40, mapigo 106 kwa dakika. Kwenye kasi ya haki ni dakika 14 na sekunde 29, mapigo 100.

Wazo la pembeni. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande wa santuri za wakati ule, zile za mizunguko 78 kwa dakika, ulibeba kama dakika tatu. Taarab inayokwenda mpaka watu watosheke ikabidi iingie humo. Na kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 za miaka ya sabini, nyimbo za dansi zilikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili, na mara nyingi sehemu ya pili ndiyo chemko lenyewe. Kaseti ndiyo iliyowaachia watu waimbe kama ukumbini, ila nayo ina ukingo wake. Wimbo huu wetu ulifika ukingoni katikati ya ubeti.

Juma la tatu, Jumapili

Nimemwekea mama wimbo huo kwenye spika ndogo jikoni, kasi ya haki, vipande vimeungwa. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nilitegemea machozi, au walau "ahsante mwanangu".

Akakuna kidogo, akasimama. Akaanza tena, akasimama. Kisha:

"Umeulaza."

"Mama, hii ndiyo kasi yake. Ile ya redio ilikuwa inakimbia."

"Basi walikosea wao. Huu umelala."

Nikaweka wa dakika 13. Mkono ukashika njia mara moja, kru-kru, kru-kru, sawa na dumbaki, wala hakujua kama anafuata. Tofauti ya nafasi kati ya pigo na pigo kwenye kasi hizi mbili ni kama sehemu tatu na nusu za mia za sekunde. Huwezi kuifikiria, lakini mkono wake umeikataa.

Likatokea na jingine. Wimbo ulipofika pale mkanda ulipokwisha zamani, nilipopaunga kwa uangalifu mpaka hapasikiki, mama alifuta mkono kwenye kanga na kuunyanyua kuelekea kabatini. Kugeuza kaseti. Redio haipo pale. Ikabidi acheke mwenyewe.

Agustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba kule Algeria, aliandika kama mwaka 400 hivi kwamba mtu anayejua wimbo, kabla hajaanza kuuimba, tayari ameutandaza wote moyoni. Kadiri anavyoimba, kinachongojwa kinahamia kwenye kinachokumbukwa, na wakati, kwa maoni yake, ni kule kutandazika kwa nafsi. Nilipoisoma niliiona ni maneno ya kanisani tu. Sasa nimeona mkono wenye nazi ukingojea kitu kilichofutwa.

Nikamuuliza wimbo ulichukua muda gani. "Dakika tano, sita." Nikamuuliza mpwa wangu wa miaka minane aliyekuwa anasubiri simu yangu. "Nusu saa," akasema, na uso ulionyesha hatanii.

Juma la nne

Upande B una jambo ambalo sikulitarajia. Kwenye dakika ya kumi na moja besi inakatika, gitaa linakatika, sauti ya mwimbaji inakwenda mbali. Watu wanapiga yowe. Dumbaki na akodioni zinaendelea, waitikiaji wanaendelea, wanapiga na makofi. Nikachora ramani: mvumo haupo kabisa. Umeme umekatika ukumbini, na redio ya betri inarekodi giza.

Nikampigia shangazi.

"Eee! Umeme ulikwenda! Mbona tulikaa gizani karibu saa nzima, mpaka wakaleta karabai. Hapo ndipo harusi ilipochangamka, mwanangu."

Kwenye mkanda giza ni dakika 4 na sekunde 10, kisha umeme unarudi, tena kwa kishindo. Sikumwambia.

Kilichonikesha ni mapigo. Kabla ya giza nahesabu 100 kwa dakika. Ndani ya giza, 112. Mara ya kwanza nikasema betri za redio zilichezacheza, na saa yangu ya mvumo haipo tena kuniambia. Lakini akodioni ipo. Vijiulimi vyake, vinavyotetemeka kutoa sauti, ni vya chuma, havilegei kama kamba, na haihitaji umeme. Nikapima noti moja inayorudi kila kiitikio: kabla ya giza, ndani yake, na baadaye. Ni ile ile. Mkanda haukukimbia. Ni watu waliokimbia, wote pamoja, bila kuambizana, na umeme uliporudi besi ilichukua kama mizunguko miwili ya kiitikio kuwarudisha kwenye 100.

Nimejaribu mezani kwa kidole. Mapigo yakiachana zaidi ya sekunde mbili hivi, hayaungani tena, kila moja linasimama peke yake. Nikiambiwa nigonge ninavyopenda, naangukia kwenye nusu sekunde na kidogo, na wanaochunguza midundo wanasema watu wengi huangukia huko huko. Mia kwa dakika ni sehemu sita za kumi za sekunde kwa kila pigo. 106 ya baba imo humo humo, na 112 ya gizani pia. Kwa hiyo sayansi hainisaidii kuamua nani alikuwa sahihi.

Juma la tano

Uamuzi: faili mbili. Moja ya kasi ya haki, jina lake "Harusi 1987 150", hiyo ndiyo ya kuhifadhi na ya kumpa shangazi. Nyingine jina lake "159", imetolewa kwenye redio ya baba bila kurekebishwa chochote, na pale upande unapokwisha nimerudisha kimya na ule mlio wa kitufe kuruka. Nimekipima kimya chenyewe kwa kumwomba mama ageuze kaseti kweli kweli, nikiwa na saa: sekunde tisa, pamoja na kufuta mkono.

Redio nimeifunga, skrubu iko ilivyokuwa. Kaseti mbili zenye kuvu zinangoja nipate spiriti nyingine. Mama ameagiza "159" iwekwe kwenye flashi kabla ya Alhamisi, ana nazi kumi za kukuna.